Kitufe cha Hifadhi

Rusimbi, Kigoma
Jumapili, 8 Machi 2026

Mpendwa Dada Verediana,

Tumsifu Yesu Kristo! Najua umeitikia, hata kama hapo unaposomea ni mahali pa kimya na sista mlezi anakuangalia kwa jicho la pembeni. Mimi mdogo wako Pastory ni mzima, ila mikono imepasuka na mgongo unauma, sababu yake utaiona huko mbele. Vipi wewe? Kile kikohozi kimeisha? Chakula cha huko umekizoea, au bado unaota migebuka, samaki wa ziwa letu? Huku masika yamekuja na fujo zake, ziwa limechafuka, lakini nyumba imesimama na paa halivuji, isipokuwa pale juu ya kitanda changu, kama ulivyopaacha.

Barua yako niliipata katikati ya mwezi uliopita. Uliuliza swali moja tu, na ukalipigia mistari miwili chini: ni kweli alivyokwambia jirani yetu Regina alipokuja kukutembelea, kwamba Mama ametolewa kwenye meza ya mapokezi pale ghalani na sasa anageuza dagaa juani? Nimechelewa wiki tatu kukujibu. Bahati yangu huko unovisi, kwenye malezi ya usista, simu mmekatazwa, la sivyo ungenipigia mpaka chaji iishe. Jibu ni hili: ilikuwa kweli, sasa si kweli tena. Ngoja nikupeleke kwa mpangilio, maana nikianza na mwisho utanichapa kabla sijafika.

Ulipoondoka, ushirika wa akina mama wa dagaa pale Kasingirima ulikuwa bado unaandika kila kitu kwenye madaftari. Mwaka juzi shirika moja lilifunga ofisi yake hapa mjini, likawaachia kompyuta tano. Kuukuu, Dada! Unaiwasha, unaenda kuchota maji, unarudi bado inawaza. Fundi akaja, akazitazama kama mtu anayetazama samaki wa juzi, akasema ni za kutupa. Mimi nilikuwa nabeba magunia pale kwa kutwa, na ile kazi yangu nyingine unaijua, kufungua vitu vya watu na kuvirudisha zikiwa zimebaki skrubu mbili mkononi. Nikaomba nijaribu. Kwenye simu nilikuwa nimesoma mambo ya Linux mpaka macho yamekuwa mekundu.

Usiliogope hilo neno. Kompyuta ukiiwasha kuna kitu kinaamka kwanza, halafu chenyewe ndicho kinawaamsha wengine wote. Huo ndio mfumo endeshi. Maofisini wengi wanatumia Windows. Linux ina watu wachache, lakini huinunui, haina makuu, na mashine iliyochoka inaibeba bila kuhema. Halafu imeachwa wazi. Ukiwa na kichwa kigumu unaingia mpaka ndani unabadilisha unachotaka. Nilikosea mara sita. Ya saba ikawaka yenyewe kwa nusu dakika, nikapiga kelele mpaka wapakiaji wakadhani nyoka kaingia ghalani.

Nikatafuta na programu ya kupokelea mizigo, nayo ya bure, nikaigeuza Kiswahili mwenyewe, kitufe kwa kitufe. Akina mama wanaleta dagaa waliokauka, gunia linapimwa, jina la mwenye mzigo na uzito vinaingia kwenye orodha, orodha inasafiri na lori mpaka Dar. Huko hawajui sura ya mtu, wanajua orodha tu. Na nani akakaa kwenye ile meza? Mama yetu Marcelina, darasa la saba wa Mwamgongo, vidole viwili, miwani ya kununua sokoni. Wiki ya kwanza alikuwa anaiambia kompyuta "samahani" kila akikosea. Mwezi wa tatu wenzake walikuwa wanamwita Mama Kompyuta, naye anajifanya hapendi.

Sasa Jumatatu ile ya tarehe tisa Februari. Magunia sitini na mawili, lori limewashwa, dereva anapiga honi. Mama akamaliza kuandika, akabofya, akaita tuchapishe. Orodha haipo. Tukatafuta huku na huku, hakuna. Ikabidi waandike upya kwa kukumbuka, kila mtu anapiga kelele jina lake, mvua nayo ikaanza. Orodha ikatoka ovyo, Dar wakapokea mzigo wa huyu kwa jina la yule. Wiki nzima hapo ghalani yalikuwa matusi matupu. Kuna mama mmoja ambaye gunia lake halikuonekana, simtaji maana uko kwenye nyumba ya sala, alisema mbele za watu kwamba Marcelina hakusahau, Marcelina anajua lilipo gunia lake. Na Mama je, Dada? Alivua miwani tu, akaifuta kwa kitenge, akaivaa tena.

Na tangu Jumanne, kesho yake ya balaa, walikuwa wameshamhamishia vichanjani, kwenye meza za miti za kuanikia dagaa. Orodha zikarudi kwenye daftari. Unaijua kazi ya vichanja wakati wa masika: unaanika, wingu linakuja, unakimbia kufunika, jua linatoka, unafunua. Miaka hamsini na mitatu aliyonayo. Akirudi nyumbani alikuwa ananuka dagaa mpaka kwenye nywele, na anasema amechoka vizuri.

Hapo ndipo akaingia Hamdani. Huyu ni meneja mpya, kijana wa Ujiji aliyesoma Dar, shati limepigwa pasi, si mtu mbaya, nisimsingizie. Akasema kosa si la Marcelina peke yake, kosa ni la huu mfumo wa Pastory. Akautaja hivyohivyo, kama vile nimeuzaa. Akasema mfumo usiojulikana ni mfumo wa hatari, dunia nzima inatumia Windows, sisi ni nani. Akapendekeza mashine mpya tano, maana Windows ya sasa hizi za kwetu haizitaki kwa uzee wake, na kila atakayekaa mezani awe na cheti cha kompyuta. Umeona hapo? Mama atakitoa wapi cheti? Kura ikiangukia kwa Hamdani, Mama harudi mezani maisha yake yote, na lile neno la gunia linabaki naye.

Mwenyekiti wetu, Bi Mwamvua, yule mfanyabiashara ambaye babu yake alivuka ziwa kutoka Kongo na mpaka leo akikasirika anachanganya Kifaransa, akasema mkutano mkuu utaamua tarehe ishirini na tano, na kila upande ulete hoja zake. Hoja za biashara, si za mapenzi, akaniambia mimi nikiwa namtazama.

Nikajiandaa kama mwanasheria! Nilipita meza zote na saa ya simu, nikapima kila mashine inawaka kwa muda gani, umeme ukikatika inarudi kwa muda gani. Nikaandika ni mara ngapi virusi vya kwenye flashi za watu wa malori vimetuingilia, na jibu ni hakuna hata mara moja. Nikauliza bei za mashine mpya madukani, nikakuta ni sawasawa na lile paa la ghala tunalolililia. Usiku wa radi nilikuwa namhutubia mbuzi wa Regina.

Siku ya mkutano tulianza asubuhi mapema, kwa sababu mji mzima ulikuwa umefunga, Waislamu Ramadhani na sisi Kwaresima, na Bi Mwamvua alisema ikifika saa saba hatamsikiliza mtu. Akina mama kama tisini, wamekaa juu ya magunia. Hamdani akaanza. Alisema vizuri, Dada, lazima nikiri. Mwishoni akasema kitu cha bure hakijawahi kuwa kizuri, nani akupe bure kitu kizuri? Kabla sijafungua mdomo, bibi mmoja huko nyuma akamuuliza ziwa alilinunua kwa nani. Ghala lote likacheka, hata Hamdani.

Nikasimama. Mdomo ulikuwa moto. Niliwaambia biashara yetu ni dagaa, si kompyuta, na mashine inayofanya kazi huitupi kwa sababu jirani ana nyingine. Nikawapa saa zangu na bei zangu. Hamdani alikuwa amesema Windows kila mtu anaijua, basi nikaomba anayeijua anyooshe mkono. Mikono mitatu, mmoja wa Hamdani. Nikauliza nani ameshawahi kukaa kwenye meza zetu akaandika hata gunia moja. Ishirini na moja! Nikawaambia huo ndio ujuzi mlionao, mmeshaulipia kwa jasho, mnataka kuutupa mkanunue mwingine? Sikuficha ubaya wake pia. Fomu za benki zinafunguka vibaya kwetu, mistari inapandana. Nikasema kompyuta ya Hamdani mwenyewe ya mkononi ina Windows, ibaki kwa ajili ya benki, mkutano hauna haja ya kununua ngalawa mpya kwa sababu ya kasia moja.

Hamdani akaniuliza swali la maana kuliko yote: kesho huyu dogo akipata kazi Dar, hili dubwana lake tutabaki nalo sisi? Nikamwonyesha Elida, yule binti wa Mwamgongo niliyekuwa namfundisha tangu mwaka jana, na daftari ambalo nimeandika kila kitu kwa mkono, mpaka namna ya kuanza upya mashine ikifa. Elida akasimama akaelezea mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Nikajua nimeshinda.

Hapo Bi Mwamvua akainua kidole. Akasema hoja amezisikia, ila kuna mfupa umebaki kooni. Siku ile ya magunia sitini na mawili, aliyekosea ni mashine au ni Marcelina? Kama ni mashine, maneno yote ya Pastory ni povu. Kama ni Marcelina, basi mfumo hauna kosa, ubaki.

Na Dada, Mama akasimama. Kule nyuma, na kitenge chake cha vichanjani. Akasema ni yeye. Akasema mashine ya mtoto ni nzima, yeye ndiye mzee, macho yamechoka, alibofya vibaya, wasiuondoe mfumo kwa ajili yake. Halafu akakaa kama mtu aliyemaliza kulipa nauli.

Nilikuwa nimeshinda kabisa, unaelewa? Nilichotakiwa ni kunyamaza tu.

Nikasema hapana. Nikasema aliyekosea ni mimi, na nikawaeleza hivi nitakavyokueleza wewe. Programu ile ina vitufe viwili chini. Kimoja nilikiandika Hifadhi, ndicho kinachotunza orodha. Kingine nilikiandika Funga, hicho kinaondoa orodha kwenye kioo. Nilidhani wote wanabofya Hifadhi kwanza, kama nilivyofundisha. Kumbe hakuna! Hawa ni watu wa kando ya Gombe. Kwao Hifadhi ni ile ya sokwe na askari, ukiokota ukuni mmoja tu huko, unalala ndani. Waliona neno lile kwenye kioo wakajua ni sehemu ya wakubwa, haiguswi. Na Funga je? Mtu wa dagaa kazi ikiisha anafanya nini? Anafunga mzigo! Mzigo ukishafungwa uko salama. Miaka miwili walikuwa wanabofya Funga, mashine inawauliza watunze orodha kwanza au hapana, wanajibu ndiyo, mambo yanakwenda. Mimi Jumapili ile, usiku wa kuamkia siku ya balaa, nikaliondoa lile swali. Niliona linachelewesha. Nilijisifu kabisa, mibofyo miwili imekuwa mmoja. Mama asubuhi akafunga mzigo wake kama siku zote, na mimi ndiye niliyekuwa nimetoboa gunia kwa chini.

Kelele zilizotokea hapo, we acha. Kuna waliocheka Hifadhi mpaka machozi, mmoja akasema hata yeye alikuwa anaogopa mkono usiteleze ukaigusa. Bi Mwamvua akaniambia nisimfundishe habari za kufunga, yeye amefunga tangu alfajiri na orodha yake bado ipo kichwani. Lakini yule mama wa maneno ya gunia alikuwa anatazama chini, na wenzake walikuwa wanamtazama yeye.

Ndipo nikaiona hoja ambayo nilikuwa sijaiandika popote. Nikawaambia, aliyeharibu amesimama mbele yenu, mnaweza hata kumpiga kofi, na anaweza kurekebisha sasa hivi mkiwa mmekaa. Mnataka liandikwe neno gani? Wakabishana! Wengine Tunza, wengine Weka, mmoja akataka Kiha kitupu. Mwisho Bi Mwamvua akakata shauri: kitufe cha kutunza kiitwe Funga Mzigo, na cha kutoka kiitwe Ondoka, na lile swali lirudi. Nikakaa, nikaandika, nikazima, nikawasha. Mama akaitwa mbele. Akaandika magunia matatu ya uongo, akabofya Funga Mzigo, akabofya Ondoka. Nikazima mashine kabisa. Ilipowaka, magunia matatu yalikuwa yamekaa palepale.

Kura sikuzihesabu, ilikuwa mikono kama mwanzi. Mfumo unabaki, cheti hakihitajiki, Marcelina anarudi mezani kesho yake. Bi Mwamvua akamwambia yule mama mwingine asimame aombe radhi kwa sauti ileile aliyotukania, na akaomba. Na mimi nikahukumiwa vichanja, siku kumi na sita, zilezile alizokaa Mama. Ndiyo hii mikono. Hamdani alinipita akiniambia dogo ni wa kwanza kumwona, amejifunga goli mwenyewe halafu ameshinda mechi. Tangu hapo tunapatana, jana ameniuliza kama ile kompyuta yake ya zamani nyumbani nayo inaweza kuwekewa.

Ningeweza kuishia hapa, Dada, na ungefurahi. Lakini kuna kitu sikukisema kwenye mkutano, na hakuna mtu anayekijua.

Nilisema kosa ni langu. Sikusema nimelijua lini. Nililijua tarehe kumi na sita, siku tisa kabla. Nilikuwa nafanya majaribio na Elida, akaandika orodha ya mfano, akabofya Funga, ikapotea machoni pangu. Nikamuuliza kwa nini hakubofya Hifadhi. Akacheka, akasema kwao Hifadhi haiguswi. Nilielewa yote pale pale. Na unajua nilifanya nini? Nilimwambia amebofya vibaya. Akaomba radhi, Elida wa watu! Alipotoka nikalirudisha lile swali kimyakimya, nikafuta alama zote kwamba liliwahi kuondolewa, hata mkutano ulipoagiza lirudi lilikuwa tayari limo.

Nilijiambia nikisema sasa Hamdani atashinda, na akishinda Mama ndiyo harudi kabisa. Kwa hiyo nanyamaza kwa ajili ya Mama. Nilijiambia hivyo kila siku. Lakini barua yako ilifika kesho yake, na nilipoisoma ile mistari miwili nilijua si kwa ajili ya Mama. Nilikuwa nautaka ushindi. Nilitaka waseme Pastory, aliyejifunza mwenyewe bila mwalimu, hakukosea. Siku tisa nilimwona anakimbizana na mawingu, jioni namchemshia maji ya kukanda miguu, ananishukuru. Asingesimama yeye pale mkutanoni, mimi leo ningekuwa bado nimenyamaza. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu.

Sasa kila anayepita anaambiwa na Mama kwamba mwanawe ni mkweli, mara tu alipogundua kosa alisimama. "Mara tu." Analisema hilo kila mara, Dada, na mimi nikiwa nimekaa hapo nakula.

Sikutaka kukupa siri ya kukubebesha mpaka kwenye sala zako. Kwa hiyo nimefanya hivi. Elida nimeshamwambia ukweli, akanitukana Kiha dakika tano bila kupumua, halafu akasema tuendelee na somo. Amebaki Mama. Mdomo wangu huu unaohutubia watu tisini haukuweza, nimejaribu mara tatu, nikaishia kumwomba chumvi. Basi barua hii naiacha wazi mezani, juu ya miwani yake, na nimemwambia aisome yote kabla hajaipeleka posta, kwa sababu kesho ndiye anayekwenda mjini. Ikikufikia, ujue ameisoma, na ujue aliamua ikufikie.

Regina anakusalimu, Bi Mwamvua anakusalimu na anasema umwombee mgongo, hata Hamdani ambaye hakujui anakusalimu. Wasalimie masista wote, na sista mlezi mwambie mwakeye, salamu yetu ya Kiha. Ukipata nafasi andika, ila safari hii mwandikie Mama kwanza. Mimi nitasoma kitakachobaki.

Ni mimi mdogo wako, bado siku tano vichanjani,

Pastory